Kibao cha Thelathini Chatoa Ushahidi

Saa tatu kasorobo asubuhi, kibao cha mwendo wa thelathini kiliingia mahakamani, kikajikung'uta tope mguuni, maana kina mguu mmoja tu, kikakaa benchi la nyuma. Karani alikiorodhesha kuwa shahidi wa pili, baada ya askari wa barabarani.

Dereva wa gari la mikate alikitazama, roho juu. Hili lilikuwa kosa lake la tatu. Akipatikana na hatia, leseni inakwenda, na lile gari analolienzi kuliko mumewe (maneno ya mumewe hayo) litaendeshwa na shemeji yake, asiyejua hata kurudi kinyumenyume.

Askari alieleza kwamba mshtakiwa alipita kwenye shimo la karibu na shule kwa mwendo wa hamsini na mbili. Dereva hakukana. Alisema tu kwamba amri ya muda ya kupunguza mwendo hutiwa saini na mhandisi wa barabara kabla kibao hakijasimikwa, naye saini hiyo ameisaka ofisi nzima ya mhandisi huyo asiione.

Hakimu akamwita shahidi wa pili. Kibao kikarukaruka hadi mbele.

"Nani alikusimika?"

"Nyapara wa barabara, mheshimiwa. Kwao ni kibao kwanza, karatasi baadaye. Alisema nisimame wiki mbili tu, shimo lizibwe."

"Lini hiyo?"

"Mwaka wa nne huu."

"Na karatasi?"

"Naisubiri, mheshimiwa."

Watu walicheka, askari naye akiwemo. Hakimu akaandika mistari mitatu: amri haina saini, kwa hiyo haikuwahi kuwapo, mshtakiwa aende zake, kibao nacho kiende kinakotaka.

Dereva alikipa lifti, akakiegemeza kwenye kreti za mikate.

"Haya, bwana mkubwa, nikushushe wapi?"

"Palepale kazini, dada."

"Kazi gani tena? Si umeambiwa huna amri?"

"Mimi nimeambiwa. Shimo halikuja mahakamani."

Dereva alicheka mpaka akakosea gia. Alikishusha pale shimoni, ambapo bata wa jirani walikuwa wanaogelea, akakishikilia kisimame wima. Tangu siku hiyo hupita hapo kwa thelathini kamili, akipiga honi mara mbili, nacho humwinamia.

Mwezi uliofuata nyapara alikuja na pikipiki. Alilizunguka shimo, akatikisa kichwa, akasimika kibao cha pili. Karatasi, alisema, iko njiani.

Kibao cha kwanza kikasogea kidogo kumpisha mwenzake.