Indépendance ya Tonton Zacharie

Asubuhi ya siku ya uhuru, Angélique alimchukua mjomba wake, tonton Zacharie, wakavue nyuma ya kisiwa, ng'ambo ya Kisangani, maana sherehe bila samaki si sherehe. Maji ya pale ni mapana lakini hayana kina, na upepo ukishuka huyakoroga kama uji. Kwenye mtumbwi wake Angélique alikuwa na sheria moja tu: upepo ukianza, kila mtu chini, hata awe chifu.

Kikapu kilikuwa kimejaa upepo uliposhuka.

"Tonton, ikala chini."

Zacharie, aliyepiga kafi wima tangu ujana wake, alikataa. "Wazungu walituikalisha chini miaka yote. Leo iko indépendance, minasimama." Akavua kofia, akaanza kuyahutubia mawimbi.

Mtumbwi ukapinduka. Samaki, kofia, hotuba, vyote majini. Zacharie akagaagaa akipiga kelele kwamba anakufa, akimwita Bikira Maria na marehemu mama yake kwa pumzi moja. Angélique alisimama kando yake, maji yakimfika magotini, akiuma midomo asicheke, akamsubiri amalize.

"Bon, tonton," akasema. "Sasa simama."