Aliyempokea Kaka Lindo

Tangu kaka yangu atoke jeshini, kiti chake kilikuwa mlangoni, uso barabarani. Kitanda alikitandika vizuri, shuka limekazwa kama ngozi ya ngoma, ila sikuwahi kuona mto umebonyea. Alisinzia palepale kitini, akashtuka, akakodoa macho tena. Alikonda hadi ikawa shati ndilo limemvaa yeye. Tulipomwita Kichwa, jina lake la utani la tangu utotoni, hakugeuka. Mama alimbembeleza akapumzike, sasa yuko kwao. Aliitikia kwa adabu, asisogee. Niliogopa kwamba ipo siku tutamkuta kitini amekwisha.

Mimi nashona vifungo kwa fundi cherehani, mzee mcheshi ambaye zamani alikuwa askari. Nilipomsimulia aliweka mkasi chini, akaniuliza ni nani alimpokea zamu. Nikamwambia hakuna, alipewa karatasi zake akapanda basi. Fundi akachukua kofia yake.

Tulifika mchana kweupe. Nilidhani atamshauri. Kumbe alikwenda kusimama mbele ya kiti, akanyooka wima, mzee yuleyule ambaye kutwa hulalamikia mgongo. Kaka naye akainuka.

"Nimekuja kukupokea lindo," fundi alisema.

Kaka akakaza visigino, akanyoosha mikono ubavuni.

"Lindo salama," alisema. "Ndani wamo mama na mdogo wangu. Wote wazima."

"Nimepokea. Nenda kalale."

Ndipo nilipoelewa. Miezi yote ile alikuwa akitulinda sisi, nasi tukimwambia apumzike, kana kwamba tulikuwa na uwezo wa kumruhusu.

Akapita katikati yetu, akajitupa kitandani na viatu vyake. Mama alisimama kando ya pazia, mkono mdomoni, akimsikiliza mwanawe akikoroma. Hakuthubutu hata kusogeza sufuria. Fundi alikaa kwenye kile kiti, akatoa suruali ya mteja na sindano, akaendelea kushona pindo. Alininong'oneza kwamba kwa kichwa kile, kofia ya chuma lazima iliagizwa maalumu. Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Jioni kaka aliamka, akamkuta palepale. Fundi akamweleza kwamba wako wenzao waliotoka jeshini wanaokutana dukani kwake, na mmoja bado anakesha mlangoni pa nyumba yake, hajapokewa.

"Chai tayari, Kichwa," Mama aliita, taratibu.

"Nakuja, Mama," kaka aliitika. Kisha akamgeukia fundi, akamuuliza huyo mwenzao anakaa wapi.