Wagomvi Watatu na Meza Mbili

Dorkasi aliingia Handeni asubuhi ya harusi ya kaka yake Elisha. Hata begi hajalitua, shangazi yake Getruda, mwenyekiti wa kamati, alimshika mkono akamwongoza moja kwa moja ukumbini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mama yako anasema udaktari wako ni wa vitu visivyo na mpangilio. Ni kweli?"

"Ni kweli. Vitu kama kioo. Chembe za chumvi zimejipanga safu kwa safu, lakini za kioo zimekaa shaghalabaghala, kama watu wa mnadani walioganda palepale walipokuwa. Mimi natafuta hesabu ya kueleza kwa nini zinagoma kujipanga."

"Umewahi kuzishika?"

"Hapana. Mimi ni wa nadharia."

Getruda alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeonyeshwa mpishi asiye na jiko. "Basi leo utashika. Nipangie wageni."

Viti vya nyuma havikuwa na taabu. Taabu ilikuwa meza mbili za mbele. Mzee Mathias na mdogo wake, Mzee Jacob, walikuwa hawasemeshani tangu fahali wa mmoja alipomaliza mahindi ya mwenzake. Bi Hajira, jirani wa Makuyuni aliyemlea Elisha, alikuwa amenuniana na wote wawili: Mathias aliwahi kusema hadharani kwamba pilau lake lina mchanga, na Jacob alimshinda uenyekiti wa kamati ya maji. Wote watatu walikuwa wameshatuma ujumbe kwamba wasipokaa mbele, hawaji.

Dorkasi alicheka peke yake. Hilo ndilo fumbo analowafundishia wanafunzi wake huko Dar. Wagomvi watatu, meza mbili. Upende usipende, wawili watakula pamoja.

Hata hivyo alijaribu. Alichukua chupa za soda akazifanya watu: nyeusi Mathias, ya chungwa Jacob, ya tangawizi Bi Hajira. Kisha akamwongeza mke wa Mathias, ambaye hakai mbali na Bi Hajira, na wakwe wa Kwedizinga, ambao hawataki kukaa na mtu anayepiga kelele. Kila alipomridhisha mmoja, wawili walinuna. Alikuwa amekaribia kupata mpango wenye nafuu pale Julius, mtu wa muziki, alipokuja na kiu, akamfungua Mzee Jacob na kumnywa mpaka tone la mwisho.

Dorkasi akaitazama ile chupa tupu, akapata wazo.

"Shangazi, tusimpangie mtu. Kioo kikipozwa haraka hubaki na mkazo ndani, ukikigusa kinapasuka. Kikichemshwa vizuri kikapoa polepole, kinatulia. Tuwachemshe."

"Utawachemsha wazee wangu?"

"Kwa muziki."

Wageni walipofika walikuta viti vimeegemezwa ukutani, na Julius kafungulia kwaito. Mzee Mathias aliuliza kiti chake kiko wapi, akaambiwa kwa heshima kwamba kinaandaliwa. Wakwe wa Kwedizinga ndio walioanza kucheza. Mwenyeji hawezi kusimama kama mlingoti wakati mkwe anatoka jasho, kwa hiyo Mathias aliingia mstarini. Jacob naye hakukubali kushindwa na kaka yake. Bi Hajira alijifunga khanga kiunoni akawapita wote.

Chakula kilipoiva, Julius alinyoosha mkono azime muziki. Dorkasi alimrukia. "Punguza, usizime! Ukizima ghafla watarudi kila mtu na kinyongo chake."

Viti vikarudishwa mezani. Kwaito ikawa rumba, rumba ikawa wimbo wa taratibu. Mzee Mathias magoti yalimwishia, akajibwaga kwenye kiti cha karibu. Kiti kilichofuata kilimpokea Jacob, naye akihema. Walitazamana.

"Magoti," alisema Mathias.

"Hata yangu," Jacob akamjibu.

Meza ya pili Bi Hajira alikaa na mke wa Mathias, wakawasengenya wale ndugu wawili kwa raha zote. Wakwe walikuwa wamechoka mno kulalamika.

Dorkasi alimtafuta shangazi yake ampe habari njema, akamkuta nyuma ya ukumbi, amesimama kando ya sufuria na sahani mkononi.

"Mbona huku?"

"Kiti changu kakikalia mkwe."

"Shangazi, mpangilio usio na kosa hata moja haupo. Huu una kosa moja tu. Kwa hesabu zetu ni ushindi mkubwa."

"Na kosa lenyewe ni mimi."

"Ndiyo, shangazi."

Getruda akampakulia sahani, akamchagulia paja la kuku, na Dorkasi akala akiwa amesimama pale pale, moshi ukimwingia machoni, huku shangazi akimweleza kwamba mwezi ujao kuna kipaimara Korogwe na ukumbi wake ni mdogo zaidi.