Injini Mbili za Papa Évariste

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe cha bati, polepole, gizani, kabla jogoo wa jirani hajawika. Nikajua Abdulhamid ameamka. Mume wangu hukoroga chai hata isipokuwa na sukari, na akiwa na wasiwasi hukoroga mpaka ipoe.

"Papa Safi, ulilala kweli?"

"Kidogo. Leo papa Évariste anataka jibu. Motere kubwa ao ndogo."

Pikapu yetu ilikuwa juu ya matofali uani tangu mwezi wa tano, siku injini yake ilipokufa. Safi, binti yetu, alikuwa amekwenda kwa koko yake, mama yangu, ng'ambo ya mto kwenye barabara ya Yangambi. Wiki mbili tu, tulisema. Ikawa miezi mitatu. Kijiji cha mama kiko ndani ya msitu, mbali na mahali pirogi, mitumbwi ya mto, zinapofika, na mguu wa mama haumbebi tena. Sasa shule ilikuwa karibu kufunguliwa, darasa la kwanza, na jina la Safi lilikuwa limeshaandikwa.

Papa Évariste, fundi wetu, alikuwa na injini mbili, nasi tuliweza kununua moja: ndogo ya petroli iliyotoka kwenye taksi, na kubwa ya mazuti, yaani dizeli, iliyotoka kwenye lori. Mume wangu alitaka kubwa. Mimi nilikuwa nimeichora ile barabara nzima kwenye daftari langu la cours du soir, masomo ya jioni, kila kilima, kila dimbwi. Nani anakimbia kwenye tope lile? Injini nzito itazamisha pua ya gari. Ikiwa nyepesi, watu sita wanalinyanyua gari wakiimba.

"Wewe unataka kubwa juu mtaa wetu wote wa Mangobo usikie unapita," nilimtania.

Hakucheka. Akaendelea kukoroga.

Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo tulingoja salongo, usafi wa lazima wa mtaa, imalizike. Tulimkuta papa Évariste kwenye garage yake, amekaa juu ya tairi, jembe la kazi ya serikali bado kando yake.

"Alors, citoyenne wa daftari," akasema. "Cours du soir iliamua nini?"

"Ndogo, papa."

"Na bwana?"

Abdulhamid alitazama viatu vyake. "Kubwa."

"Mwanaume anapenda kelele," nikasema.

"Si kelele, mama Safi." Sauti yake ilishuka. "Ni bac."

Papa Évariste aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeijua habari hiyo. Bac, ile pantoni ya chuma ya kuvukia mto, haikuwa na batri yake. Desturi ilikuwa moja: anayetaka kuvuka anafungua batri ya gari lake, wanawashia nayo injini ya pantoni, kisha wanamrudishia.

"Batri yetu ilikuwa ya kitoto," Abdulhamid akasema. "Kila safari waliniambia, ngoja lori. Mara moja niliona moshi upande wa kwa mama yako, mbali ng'ambo pale juu, na nililala siku mbili upande huu. Siwezi kulala pale tena mutoto akiwa ng'ambo. Ile ya mazuti iko na batri ya kweli."

Mwaka mzima kabla injini haijafa nilikuwa nimemcheka kwa kuchelewa kurudi kutoka ng'ambo. Hakuniambia kamwe. Nilifungua daftari ili nisilie mbele ya fundi. Kilima kilikuwamo, dimbwi lilikuwamo. Mto nilikuwa nimeuchora kama mstari tu wa kuruka.

Nikautazama ule mstari.

"Papa Évariste, bac inataka motere yetu?"

"Hapana. Inataka batri."

"Donc, tufungie motere ndogo, na ile batri kubwa tubebe kama muzigo."

Fundi alipiga tairi kwa kiganja. "Miaka makumi mbili niko hapa na mafuta kwenye mikono! Abdulhamid, huyu mwanamke wako, usimwache aende shule tena, atachukua garage yangu."

"Ataenda," mume wangu akasema. Sasa alikuwa anacheka.

Alhamisi injini ndogo ilinguruma. Ijumaa tuliondoka. Batri kubwa, aliyotuazima fundi, tuliifunga ndani ya sanduku la mbao, katikati yetu kitini, mvua isiiguse. Tulizama topeni mara mbili, na mara mbili watu walitunyanyua. Mtoni, mkuu wa bac alikuja akiichungulia pikapu kwa dharau.

"Motere ya taksi hii? Ngojeni lori."

Abdulhamid alishuka na sanduku kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Pantoni ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka, na watu waliokuwa wakingoja tangu jana wakashangilia.

Kwa mama, Safi alisimama nyuma ya kitenge cha koko yake. Alikuwa amerefuka. Nilipiga magoti, nikaogopa kumwita, asije akawa amenisahau. Alitupita sote wawili. Akazunguka pikapu, akagusa taa zake, akapanda mpaka mlangoni na kulitazama lile sanduku kitini kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Mama, sanduku liende nyuma, mimi nitakaa hapa."