Mfupa wa Mama Mkwe

Mgongo wa msusi uligoma. Miaka ya kuinamia vichwa vya watu ilikuwa imesogeza pingili mbili za kiunoni, na sasa hakuweza kumaliza hata kichwa kimoja. Wateja walishaanza kuhamia kwa jirani, asiyejua kusuka ila mgongo anao. Daktari akasema dawa ni moja: kuziunga zile pingili ziwe kitu kimoja, kwa skrubu na mfupa wa kuchangiwa.

"Wa maiti?"

"Au wa mtu aliye hai. Anayewekewa nyonga ya bandia, ile mbovu anatuachia."

Kwa mfupa wa marehemu, msusi hakuwa na shida. Marehemu hana maneno. Lakini aliposikia nyonga alimgeukia mumewe, naye mume akaanza kukagua dari. Mwaka uliopita mama yake alibadilishiwa nyonga hospitali hiyohiyo, ya zamani akaichangia. Tangu hapo hakuna mgeni aliyenusurika kusimuliwa.

Sasa mama mkwe alikuwa kando ya kitanda, anang'aa kama sufuria mpya.

"Watakutia wangu tu. Mfupa wangu mgumu."

"Huo ugumu naujua, mama."

"Ukiinama kufagia, ujue ni mimi ninayeinama."

"Basi itakuwa mara yako ya kwanza."

"Jamani," mume akasema.

"Wewe nyamaza!" wakamjibu kwa pamoja.

Daktari alipoleta karatasi ya ridhaa, msusi aliisukuma pembeni. "Kata kwangu, kwenye nyonga. Mzigo upo."

"Inawezekana. Ila ni kidonda cha pili, na wengine kinawauma kuliko mgongo."

"Basi niapie kwamba si wa huyu."

"Sijui ni wa nani. Umepimwa, umesafishwa, umegandishwa. Hauna jina."

"Wa huyu hata ukigandishwa utasema."

Alifumba macho. Bila upasuaji, kazi imekwisha. Akikubali, huenda akazeeka na mama mkwe katikati ya pingili, akaoga naye, akalala naye, akazikwa naye. Mgongo ukamchoma hadi unyayoni. Hata hivyo akasema, "Nileteeni nguo zangu."

"Kwani unadhani huo mfupa utakaa humo milele?" Daktari alikuwa ameanza kuchoka na ukoo huu. "Mfupa wa kuchangiwa ni kama jukwaa la fundi. Mwili wako unaupanda, unaula kidogo kidogo, unajenga wa kwako mahali pake."

"Unaula?"

"Kwa miezi, hata miaka. Sehemu kubwa inaisha."

Msusi akafumbua jicho moja. Akamtazama mama mkwe toka utosini hadi viatuni, kama mtu anayechagua nyama buchani.

"Lete kalamu."

"Anasemaje huyu?" mama mkwe akamvuta mwanawe. "Atanila?"

"Taratibu, mama," msusi akasema huku akitia saini. "Sina haraka."

"Utavunjika meno!" akafoka mama mkwe. Lakini alivuta mtandio, akaifunika ile nyonga iliyobaki.