Mgeni Aliyesahau Kupumua

Usingizi wa leo hauanzii machoni, unaanzia kifuani, palipolala mtoto wa watu. Sista Oliva, mkuu wa wodi yetu ya watoto njiti, ndiye aliyenifunga naye, ngozi yake juu ya ngozi yangu, kofia ya sufu kichwani, nepi kiunoni, kitenge kimetuzungusha sote wawili kama ganda la hindi. Nje ni mchana, lakini Njombe haijali mambo ya mchana, ukungu umekaa dirishani kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Zamu yangu imekwisha. Nimebaki kwa sababu mama wa mtoto huyu, Twilumba, yuko chumba cha mahututi upande wa pili wa korido tangu kifafa cha mimba kilipomwangusha na madaktari wakalazimika kumtoa mtoto kabla ya wakati. Bibi yake ana kikohozi ambacho hatutaki kimkaribie, na baba yake yuko njiani kutoka Mafinga anakopasua mbao. Mtoto njiti haridhiki na blanketi, anataka mtu, na leo mtu huyo ni mimi, Atupele, muuguzi wa stashahada, nisiye na mume wala mchumba wa kueleweka. Sista Oliva anacheka nyuma ya barakoa yake. Leo umezaa bila posa, Atupele, sasa mahari yako ataila nani? Mtaila tu, Sista, kwanza niletee uji. Uji unakuja, wewe egemea kiti, fumba macho, mimi nipo nawaangalia. Naegemea. Mtoto anapumua, anapumua, kisha anatulia. Ndivyo walivyo njiti, wanasahau kupumua, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Hapo unamgonga unyayo kwa kidole, taratibu, naye anakumbuka. Wenzangu hukumbusha kimya. Mimi siwezi kukaa na ulimi mdomoni bure, mimi husema naye. Pumua wewe mvivu. Pumua, mama, hewa hailipiwi. Jina hana. Bibi yake amekataa katakata, kwao mtoto hapewi jina kabla kitovu hakijadondoka, kwanza ni mgeni, na mgeni anaweza kuaga wakati wowote. Kitandani tumeandika tu, Mtoto wa Twilumba. Nasikiliza pumzi yake ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, nami nashuka nayo, na mahali fulani kati ya kushuka na kupanda kile kiti hakipo tena.

Nimesimama koridoni, mtoto kifuani. Ni korido yetu ileile, vigae vyeupe, harufu ya dawa ya kusafishia, ila mwisho wake umeondolewa. Najua ninakokwenda: nampeleka mtoto kwa mama yake, mlango wa tatu kushoto. Napita mlango wa tatu, na baada yake upo mlango wa tatu, na baada ya huo mlango wa tatu. Vigae vinaanza kulegea chini ya miguu yangu, vinakuwa njia nyeupe katikati ya mashamba ya chai, na chai inapanda vilima na kushuka vilima, na juu ya kila kilima njia inaningoja kana kwamba sijaikanyaga bado. Silalamiki. Kifua kina joto, miguu haiumi, na kwa kweli sijawahi kutembea vizuri hivi tangu niajiriwe. Penye njia panda amesimama mtu aliyevaa gauni la kijani la chumba cha upasuaji, kofia, na barakoa iliyofungwa vizuri kabisa, na nyuma ya barakoa hakuna uso. Kamwene, ananisalimu. Kamwene, najibu, adabu ni adabu hata kwa asiye na uso. Namtafuta Twilumba, nasema, huyu ni mwanawe. Yule mtu anasema, Kitendawili. Nacheka. Mimi ndiye niliyekuwa nawafunga midomo shule nzima kwa vitendawili. Tega, nasema. Anatega: Nawapa wote wala sipungui, lakini mgeni wako ananisahau mezani. Nafungua mdomo kujibu, na wakati huohuo mtoto anatulia. Nashika unyayo wake, nagonga, nagonga, pumua wewe, pumua, mpaka kifua chake kidogo kinaruka tena. Nikiinua macho, yule mtu anatikisa kofia yake. Ni hewa, nesi. Unaihubiri kutwa, umeulizwa umeikosa. Haya, nipe mji.

Ni haki yake, ndiyo sheria ya mchezo, aliyeshindwa hutoa mji. Natafuta mji usioniuma. Chukua Makambako, nasema, kwangu ni mji wa kubadilishia magari tu, nani ataulilia? Anaupokea kwa mikono miwili, kama anayepokea sahani. Na hapo naelewa niko wapi, maana ukungu unapasuka na bonde lote limejaa miji. Miji yote iliyotolewa na walioshindwa vitendawili tangu watu walipoanza kutegeana iko hapa. Mlidhani inakwenda wapi? Kila mji una mwenzake chini yake, kichwa chini, kama mji na kivuli chake majini, na nyumba zake ni za vioo, nyembamba, zenye matundu mawili ya kupitisha mikono, sawasawa na vile vitanda vya joto tunavyowalazia watoto wetu. Yule mtu anatangulia kuniongoza, tunaipita Makambako. Wauza mahindi ya kuchemsha wanapunga mikono kwa magari yasiyopita. Ni watu wachangamfu, nyuso tu hawana. Katika ukuta wa nyumba ya kwanza najiona nikitembea na mtoto kifuani. Katika ukuta wa pili nimeshikana mkono na msichana mrefu wa sweta la shule, ananigombeza, ana ulimi kama wangu, na nafurahi kama aliyesikia wimbo wa kwao ugenini. Katika ukuta wa tatu kitenge changu kimelala bapa, hakina mtu. Nageuza macho haraka. Usiangalie sana vioo, anasema yule kiongozi wangu, vyote vinasema kweli, ila havisemi ya lini.

Njia inatuzungusha, chai, kilima, chai, na penye njia panda nyingine, au ileile, amesimama kiongozi mwingine, au yuleyule. Kitendawili. Tega. Napika nisichokila, na nikikosa mlaji naugua mimi. Safari hii sisubiri mtoto atulie, najibu mbiombio, Mpishi wa harusi! Barakoa inacheka mpaka kamba zake zinalegea. Nesi, nesi, kilichosoma ni cheti au ni wewe? Ni ziwa la mama aliyejifungua. Nipe mji. Nampa Mbeya, anakoishi mwanaume mmoja aliyeniahidi posa tangu mvua za mwaka juzi, na nasema, Mchukue na yeye pia, akufulie hayo magauni. Lakini jibu limenichoma, maana kweli ni mimi ninayemkamua Twilumba kwa mkono, matone machache katika kikombe, yeye hajui, amelala, na mwili wake unapika kwa ajili ya mlaji asiyemwona. Naangalia chini. Weupe wa njia hii si wa vigae wala si wa vumbi. Ni maziwa, membamba, ya uvuguvugu, yanatiririka kutoka mbele yangu. Basi sihitaji tena kuuliza njia panda. Nayafuata yanakotoka.

Yanatoka chini ya ukuta wa kioo unaokwenda kulia bila mwisho na kushoto bila mwisho, na nyuma ya kioo ameketi mwanamke kwenye kigoda, amenipa mgongo. Namjua kwa mistari ya nywele zake, nilimsuka mwenyewe siku alipolazwa kwa shinikizo la damu, nikimpigia hadithi ili atulie. Mikono yake imekumbatia tumbo lisilokuwepo. Hajui. Hakuna aliyemwambia kwamba amejifungua. Kiongozi amekwisha fika kabla yangu, kama wanavyofika siku zote. Kitendawili cha mwisho, anasema, na mji wa mwisho. Ukishindwa nitachukua Njombe, na wodi iliyomo, na kiti ulichokalia. Moyo wangu unagonga, na mtoto anausikia, maana uko sikioni kwake. Tega, nasema. Huyu anaitwa kwa jina la yule, yule anaitwa kwa jina la huyu, na wote wawili hakuna anayeitika. Hiki nakijua. Mama na mtoto, nasema. Sisi tunamwita Mtoto wa Twilumba, na mtaani watamwita Twilumba Mama Fulani. Umepata, anasema kiongozi. Sasa mwite ageuke. Naita, Twilumba! Mgongo hautikisiki. Twilumba! Kiongozi anasema, taratibu, karibu kwa huruma, Twilumba ni yule msichana uliyemsuka. Huyu amekwisha kuwa mtu mwingine, na bado hajaambiwa ni nani. Mwite huyo. Mama nani? Sina ruhusa, nasema, kitovu hakijadondoka, bibi yake ataniua. Kiongozi ananyoosha mikono miwili, kama anayengoja sahani. Nipe Njombe basi. Na hapo ndipo mtoto anatulia.

Nagonga unyayo. Kimya. Nagonga tena. Kifua chake ni chepesi juu ya kifua changu, chepesi mno, kama kitenge kile cha ukuta wa tatu. Sikupi, namwambia kiongozi, sikupi Njombe wala sikupi huyu, kama unataka mji kajenge. Nagonga. Ulimi wangu wote, wenye majibu ya kila mtu, umebaki na neno moja. Pumua. Nasema, kisha napaza sauti, kisha napiga kelele mpaka majani ya chai yanalala. Pumua! Pumua, mama! Nyuma ya kioo mwanamke anainua kichwa. Nani ananiita? anauliza. Sikukuita wewe, nataka kusema, namwita huyu. Halafu naelewa kwamba ni kitu kimoja. Mama Pumua, nasema. Mama Pumua, geuka! Anageuka, na uso unamjia wakati anageuka, jicho, shavu, meno ya mbele yenye mwanya, uso wote wa Twilumba na kidogo zaidi ya Twilumba. Anapitisha mkono katika tundu la kioo, na kidole chake kinagusa unyayo wa mwanawe pembeni ya kidole changu. Mtoto anavuta pumzi ndefu, ya hasira, kama aliyekatizwa mazungumzo. Nani amekupa ruhusa ya kumpa jina? anauliza kiongozi, na anauliza kwa kikohozi cha bibi. Sikumpa jina, nasema. Nilikuwa namwomba.

Kikohozi kinaendelea, na kiko mlangoni. Niko kitini. Kidole changu kinagonga unyayo wa mtoto, na mkono wa Sista Oliva uko juu ya mkono wangu. Alisahau kidogo, ananiambia, lakini kabla sijafika tayari ulikuwa unamgonga, na wewe umelala fofofo. Nilikuwa naota, nasema. Najua, ulikuwa unapiga kelele wodi nzima, Pumua, Pumua. Halafu anainama, na sauti yake ina kitu cha sherehe. Twilumba amefumbua macho. Ameomba maji. Ameuliza nani huyo anayemwita Mama Pumua, na kama kweli amezaa, mbona hajaletewa. Bibi, aliyekaa nje ya mlango na khanga mdomoni kwa sababu ya kikohozi chake, anaruka kwa jina hilo kama aliyekanyaga kaa la moto. Pumua? Ndiyo jina gani hilo? Majina ya ukoo yamekwisha mpaka tuitane amri za manesi? Na kitovu bado! Shikamoo bibi, nasema, sikukusudia. Marahaba, lakini kitovu bado! Sista Oliva anafungua kitenge apate kumbeba mtoto ampeleke kwa mama yake, na kitu kidogo kinadondoka mapajani mwangu, cheusi, kikavu, kama karafuu. Tunakitazama wote watatu. Bibi hakohoi hata. Anatoa kitambaa, anakionyesha kwa mbali, Sista anamwekea, naye anakifunga fundo na kukisukumia kifuani. Haya, anasema mwishowe, mgeni amekuwa mwenyeji. Lakini la ubatizo nachagua mimi.

Nacheka mpaka machozi. Sista Oliva anamfunga mtoto upya kifuani kwangu, twende naye wenyewe, anasema, mlango wa tatu kushoto, na baba yake amepiga simu, anakuja kesho. Kwa nini kesho? Gari limewaharibikia Makambako, maskini, amekaa hapo tangu asubuhi anakula mahindi ya kuchemsha, anapungia magari mkono na hakuna linalosimama. Wapi? nauliza. Makambako. Makambako ndiyo wapi? Wewe Atupele, acha utani, si unapita hapo kila ukienda likizo. Nautafuta mji huo kichwani, na nilipotegemea kuukuta nakuta mahali safi, pametandikwa, kama kitanda ambacho mgonjwa ameruhusiwa. Haiumi. Mtoto ana joto, anapumua, Pumua anapumua, na ng'ambo ya korido kuna mwanamke mwenye mwanya anayetungoja, na mimi nimeridhika kuliko nilivyowahi kuridhika. Nasimama. Vigae ni vyeupe. Ninyanyue mguu, au vitalegea tena? Sista, namwambia Sista Oliva, naomba ushushe barakoa kidogo niuone uso wako. Una nini wewe leo? anasema, na namsikia anacheka, namsikia vizuri kabisa, na mkono wake unapanda taratibu kuelekea kwenye kamba.