Mbuzi wa Saa Moja Asubuhi

Bi Chokochoko hakupewa jina hilo bure. Alilipata akiwa darasa la tatu, siku aliyomwekea mwalimu chura ndani ya kopo la chaki, na tangu hapo hajafanya jitihada yoyote ya kulifuta. Sasa ana miaka sabini na mbili. Meno yake mengi bado ni yake, na mume wake ni yule yule mmoja, Mzee Nta, ambaye mikono yake hunukia nta ya nyuki hata akitoka kuoga.

Balaa lilianza Mzee Nta alipoteleza bondeni akirina asali. Goti likavimba likawa kama boga. Binti yao wa pekee, ambaye ni muuguzi mjini na kijiji kizima humwita Nesi, alikuja mbio, akalibonyeza lile goti, akatoa hukumu. Bondeni marufuku. Mizinga itakaguliwa na jirani kila Jumatano. Mbuzi wauzwe, maana nani atawakimbiza? Wakauzwa.

"Na nikisikia umeshuka bondeni, Baba, nakuja na pikapu. Nawapakia wote wawili na godoro lenu, mnahamia kwangu."

Kwake ni ghorofa ya tatu. Bi Chokochoko aliwahi kukaa huko wiki mbili. Ukitaka kumwaga maji, uchungulie kwanza kichwa cha nani kiko chini. Mzee Nta yeye alikaa dirishani siku zote kumi na nne kama nguo iliyoanikwa, akihesabu magari mekundu. Waliporudi nyumbani alikuwa amepungua kilo nne, naye hakuwa na za kupunguza. Kwa hiyo pikapu ile haikuwa mzaha.

Mwezi haukuisha, wezi wakabeba mizinga miwili. Nesi akanunua kamera tatu za nje, zile zinazofungwa mtini na kupiga picha zenyewe kitu chochote kikipita. Moja getini, moja njiani penye jiwe kubwa, moja mizingani. Picha zikawa zinaruka kwa mtandao hadi kwenye kompyuta iliyowekwa sebuleni, pembeni ya cherehani.

Siku ya kwanza zilikuja picha mia sita na kumi. Mia tano na tisini zilikuwa majani yakitikiswa na upepo.

"Mwanangu kaninunulia majani," Bi Chokochoko akamwambia fundi wa kamera, mwanamama mmoja mnene aliyekuja kwa pikipiki na kuomba chai kabla hajavua kofia.

"Ndiyo maana unahitaji programu ya kuzipanga, mama. Ninazo tatu. Utajaribu moja moja, bila malipo. Nesi kasema uchague wewe, kwa kuwa wewe ndiye utakayeishi nayo."

"Kama kumchagua mkwe."

"Mkwe ukishamchagua ndiyo basi. Hii ikikuudhi unaifuta."

Programu ya kwanza ilikuwa bubu. Ilizipanga picha kwa tarehe na saa, basi, mengine ujijue. Bi Chokochoko akatazama majani mpaka akayaota. Siku ya tatu, katikati ya majani, akamwona mume wake.

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Saa ambayo Mzee Nta huaga akisema, "Nakwenda kunyoosha mguu uani." Kumbe uani kwake kumefika bondeni! Kwenye picha alikuwa penye jiwe kubwa, amevaa lile koti lake la kahawia, ameinama juu ya fimbo, ndevu nyeupe zinaning'inia, na uso ameugeuzia vichakani kama mtu anayepishana na mama mkwe. Aliamini kamera isipoona uso, haijaona kitu.

Bi Chokochoko akaifunga ile picha. Mrina asali wa miaka hamsini humkatazi nyuki, utakuwa umemkataza kupumua. Ila asubuhi iliyofuata, mzee alipotoka, alihesabu hadi mia mbili, akajitwika kigoda kichwani, miguu juu, akamfuata kwa mbali. Goti likigoma njiani, mtu awe na pa kukaa. Na awe na wa kumgombeza.

Jumapili fundi akaja kuweka programu ya pili. Hii ilikuwa na macho na mdomo. Ilitofautisha mtu, mnyama na gari, na mtu akipita tu, picha yake inatumwa kwenye simu ya mwenye kamera.

"Simu ya nani?" akauliza Bi Chokochoko.

"Ya Nesi."

Jioni ile jirani alikuja kurudisha ungo. Hajaufikia mlango, simu ikalia. "Mama, jirani kaja kufanya nini na si Jumatano?"

Alfajiri Bi Chokochoko akaificha fimbo ya mume wake nyuma ya gunia la maharage, kisha akampigia fundi. "Njoo uitoe. Ina umbea."

"Mama, hata siku haijaisha!"

"Mmbea hahitaji wiki kujulikana."

Mzee Nta akaitafuta fimbo yake asubuhi nzima, hadi chini ya kuku anayeatamia, na bondeni hakwenda.

Programu ya tatu nayo ilipeleka watu kwa Nesi, lakini ilikuwa na adabu: isipokuwa na hakika, iliuliza kwanza, na ukiijibu inakumbuka. Wanyama haikuwapigia kelele, iliwahesabu tu na kutuma idadi kila Jumapili. Kesho yake, fimbo ikiwa imesharudishwa mahali pake na wote wawili wameshatoka bondeni, Bi Chokochoko alikaa mbele ya kompyuta na roho mkononi. Picha ya saa moja na dakika kumi ikatokea, koti, ndevu, mgongo uliopinda. Chini yake pameandikwa: *Je, huyu ni mbuzi?*

Bi Chokochoko alisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Inasema nini?" Mzee Nta akauliza kutoka kwenye kikombe chake cha chai.

"Inauliza kama huyu ni mbuzi."

"Mbuzi wa nani tena?"

"Sijui. Beberu mmoja hivi. Mzee mzee."

"Mfukuze huyo, Mama Nesi, atamaliza mahindi."

Swali liliulizwa kwa heshima, na mtu akiulizwa hujibu. Akabofya *Ndiyo*.

Alikuwa bado anacheka ilipokuja picha ya pili, iliyopigwa dakika nne baadaye. Khanga, mwendo wa polepole, na juu ya kichwa miguu ya kigoda imesimama kama pembe. *Je, huyu ni ng'ombe?*

Kicheko kikakatika. Alikwenda chumbani, akajitazama kwenye kioo mbele, akageuka akajitazama nyuma, akakaa huko muda. Aliporudi alikuwa amenuna.

"Una nini?" akauliza mzee.

"Kompyuta yako haina adabu."

"Yangu tena?"

Akamtazama pale alipokaa, na lile goti lake juu ya mto, na mahali mbwa alipotafuna mkono wa koti. Akaikumbuka ghorofa ya tatu na magari mekundu. Akabofya *Ndiyo*, kwa nguvu, kama mtu anayeua mbu. Mchana akampigia fundi kumwambia ameshachagua, hii ya tatu ndiyo mkwe.

Jumapili jioni Nesi alipiga simu. "Shikamoo, Mama. Hapa naletewa hesabu. Mtu mara mbili, kwenda na kurudi, huyo ni jirani. Mbuzi kumi na mbili, ng'ombe kumi na mbili. Si tuliuza mbuzi wote?"

"Hawa wa watu, mwanangu. Wanapita."

"Na ng'ombe?"

"Anawafuata tu. Hana mwenzake, maskini."

"Kila siku saa moja na dakika kumi?"

"Mifugo ya siku hizi inajua saa kuliko ninyi wa hospitali."

Nesi akanyamaza. Kimya cha nesi ndicho kinachotangulia sindano, Bi Chokochoko alilijua hilo. Lakini simu ikakatwa kwa usiku mwema, na wiki ikafuata wiki. Mbuzi akapita, ng'ombe akapita, wezi hawakurudi.

Mwezi wa tatu wa mchezo huo ukaingia. Alhamisi moja programu ikaja na jambo jipya. *Sina hakika. Je, huyu ni mbuzi au mtu?*

Bi Chokochoko akasogeza uso. Koti ni lile lile, ndevu ni zile zile. Ila mgongo ulikuwa umenyooka! Fimbo haikugusa chini, mzee aliilaza begani kama jembe, na kifua amekitoa mbele kama siku aliyokuja kujitambulisha kwao na debe la asali, nyuki watatu bado wamo ndani.

Kidole kilikwenda kwenye neno *Mbuzi*, maana kilishazoea. Kikasita. Ukimwita mbuzi mtu aliyeinama, umemficha. Ukimwita hivyo aliyesimama, umemtukana. Akajua vizuri picha hiyo itakwenda wapi na nini kitakuja baada yake, lakini hakuweza. Akabofya *Mtu*.

Akaisubiri simu. Haikulia, na hilo ndilo lililomnyima hamu ya kula.

Jumamosi asubuhi pikapu ikaingia getini, nyuma tupu, na kamba mpya imeviringishwa. Nesi aliamkia akiwa bado anatembea, akapita moja kwa moja hadi kwenye kompyuta na kufungua folda ya mbuzi. Mzee Nta akachungulia begani kwake.

"Mbona huyu kama mimi?"

"Ni wewe, Baba."

"Mama Nesi! Yule beberu mzee..."

"Ulisema mwenyewe nimfukuze," akasema Bi Chokochoko. "Nikakuonea huruma."

Nesi hakucheka. Akafungua folda ya ng'ombe. Hapo mzee akaishika meza, akacheka mpaka akakohoa, mpaka ikabidi apewe maji. Bi Chokochoko aliyatazama madirisha.

Nesi akaanza kusoma taratibu, siku moja baada ya nyingine. "Saa moja na kumi, Baba. Na kumi na nne, Mama na kigoda." Akaendelea. "Kurudi, Mama yuko mbele. Baba amekaa kwenye jiwe. Kesho yake pia. Keshokutwa pia. Baba, hapa goti lilikuwa linakuuma?"

"Goti? Hapo nilikuwa namsubiri mama yako apite."

"Ulijua?" Bi Chokochoko akageuka.

"Mwenzangu, mtu mwenye kigoda kichwani kajificha nyuma ya mti mwembamba kama ufagio! Ningekutangulia nyumbani nikaikuta tupu, ungejua nimekugundua, ungeacha kuja. Na njia ile bila wewe ni ndefu."

 Bi Chokochoko akaenda kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Nesi akaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, ya kwanza na ya Alhamisi, akazitazama kwa yale macho yake ya wodini. Kisha akapiga magoti mbele ya baba yake, akapandisha suruali, akabonyeza. Akakunja mguu, akaukunjua.

"Inauma?"

"Inatekenya."

Akakaa sakafuni. "Nilikuambia ukae kitako. Kumbe goti lilitaka kilima." Akafuta macho kwa mkono wa sweta, halafu sauti ya wodini ikarudi. "Mnashuka pamoja. Kigoda anabeba Baba, yeye ndiye mwenye goti. Na Mama, hii programu uirekebishe leo leo. Kila asubuhi nataka kuona watu wawili. Nisipowaona nakuja na pikapu, na safari hiyo sishuki hata kunywa chai."

Pikapu ikarudi mjini na ndoo ya asali nyuma, imefungwa kwa kamba mpya. Bi Chokochoko akashinda mezani mpaka jua kuzama. Picha moja moja: si mbuzi, ni Baba Nesi. Si ng'ombe, ni Mama Nesi. Mia mbili na zaidi, kama adhabu ya yule mwalimu wa chura, aliyemwandikisha sentensi moja mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumatatu wakashuka wawili, mzee mbele na kigoda kichwani, bibi nyuma mikono mitupu kama mgeni wa heshima. Waliporudi akaketi mbele ya kompyuta. Picha yake ilikuwa tayari, jina chini, bila swali. *Mama Nesi*. Akainamisha kichwa kidogo, kuipokea salamu.

Kisha ikaja ya mume wake, na ile miguu ya kigoda imesimama juu ya kofia.

*Je, huyu ni ng'ombe?*

"Inasema nini?" Mzee Nta akauliza, kikombe mkononi.

"Hakuna," akasema Bi Chokochoko, akabofya *Ndiyo*.